Nguru Hakuozea Maungu

(Mhadhara uliotolewa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri, mbele ya wavuvi, mama karanga (wanawake wanaokaanga samaki na kuwauza), wachuuzi na wanafunzi. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Assalamu alaykum, na wasioitikia hiyo, hamjambo nyote. Kaeni, kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele, hapa hapatozwi nauli.

Mada niliyopewa leo ni samaki wa kwenda bara wakati stima ni haba. Kabla sijaingia humo, tazameni meza hii. Nina vipande viwili vya barafu, kila kimoja kilo 2. Tumevipima kwa mizani ya muuza samaki wa hapo nje, na ameniapia kwamba mizani yake haina mchezo. Kimoja nakiweka ndani ya beseni, wazi, juu ya vijiti ili kisiogelee kwenye maji yake. Cha pili nakivingirisha kwa kitambaa, nakizika ndani ya debe lililojaa makumbi ya nazi makavu, yaliyochambuliwa, nafunika. Basi. Msiviguse.

Na wewe bibi yangu uliyeketi karibu na mlango, kikapu nimekiona. Changu hao? Wametoka baharini asubuhi? Vizuri. Tutarudi kwao.

Sasa niwaambie aibu yangu. Miaka ishirini na kitu iliyopita nilikuwa kijana mwenye pikapu ya kukodi, na akili nadhani ilikuwa ya kukodi pia. Ilikuwa Februari, kaskazi imetulia, bahari kama sahani. Nikapata habari kwamba Shimoni, kule pwani ya kusini, kuna nguru wengi mpaka matajiri wameacha kununua. Nikaona leo ndiyo leo. Nikanunua barafu hapa mjini, magunia manne ya kilo 25, nikavuka feri nikashuka nayo. Nguru walikuwa wameanza kushushwa saa mbili asubuhi. Mimi nikawakuta saa sita, wamelazwa kwenye mchanga chini ya mnazi, na kivuli cha mnazi, mnajua tabia yake, kilikuwa kimeshahama. Kilo 300. Nikawapakia, nikatandaza barafu juu yao kama mtu anayenyunyizia sukari kaimati. Foleni ya Likoni ikanila saa moja na nusu. Nikapita Mariakani, nikapita Mackinnon Road, na nilipokaribia Maungu, kabla ya Voi, springi ikakatika. Tukalala hapo mpaka alfajiri.

Nairobi, mpishi mkuu wa hoteli niliyokuwa nimeahidiana nayo alimwinua nguru wa kwanza, akafungua shavu, akanusa, akafunga. Hakutukana. Aliniagizia chai, nikaelewa kwamba hiyo chai ndiyo malipo.

Kwa miaka nilisimulia kwamba nguru wangu walioza Maungu. Nikailaumu springi, nikamlaumu mwenye pikapu, nikailaumu barabara. Siku moja, nimeshakuwa fundi wa mafriji, nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Nguru hakuozea Maungu. Aliozea Shimoni, chini ya ule mnazi, na Maungu mimi nilikwenda kukesha na maiti tu.

Hesabu yenyewe ni hii, na wanafunzi nawaomba muinakili. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya joto la kilojuli 334. Kilo moja ya samaki aliye kwenye nyuzi 30, ukitaka kumshusha mpaka sifuri, lazima umtoe joto la kilojuli 108 hivi. Gawanya: kilo 1 ya barafu inatosha kupoza kilo 3 za samaki. Kilo 100 zinatosha kupoza kilo 300. Mnaona? Barafu yangu, lau ingekuwa haijayeyuka hata tone kutoka mjini mpaka Shimoni, ingewapoza nguru wangu mpaka sifuri na kuishia hapo hapo. Ya safari haikuwapo. Ya foleni ya feri haikuwapo. Na kwa vile ilikuwa imeshayeyuka karibu nusu njiani, hata ya kupoza haikutosha. Mimi nilidhani nimebeba barafu ya kwenda Nairobi, kumbe nimebeba barafu ya kufika Msambweni, hapo jirani tu na Shimoni.

Ndiyo maana wanaojua kazi wanasema katika nchi za joto, kilo kwa kilo. Kilo moja ya samaki, kilo moja ya barafu. Theluthi ya kwanza inampoza, theluthi mbili zinapigana na jua la njiani. Tajiri atakwambia hiyo ni hasara, umebeba maji badala ya samaki. Mwambie maji hayo hayanuki.

Na kwa nini mnazi ule ulikuwa mbaya kuliko Maungu? Wataalamu wa samaki wana kanuni yao: kwenye nyuzi 10 samaki huharibika kwa kasi mara 4 kuliko akiwa kwenye sifuri. Kwenye nyuzi 30, kwa kanuni hiyo hiyo, ni mara 16. Kwa hiyo saa moja ya mchangani mchana inakula umri wa samaki sawa na saa 16 ndani ya barafu. Nguru wangu walikaa saa nne mchangani. Zidisheni wenyewe. Na umri ukishaliwa haurudi, hata umtie kwenye friza la mfalme.

Nguru ana jambo jingine la kutisha, yeye na jodari na vibua. Nyama yao ikikaa na joto, vijidudu hugeuza kitu kilichomo ndani yake kuwa sumu inayoitwa histamini. Mtu akila, uso unawaka, ulimi unawasha, kichwa kinapiga, mwili unatoka vipele, naye anasema amerogwa au ana aleji ya samaki. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, haiondoki kwa kukaanga, haiondoki kwa kugandisha. Baridi huizuia isizaliwe, basi. Kwa hiyo mama karanga mwenzangu unayesema "huyu kalala kidogo, nitamkaanga sana", kwa changu unacheza na ladha, kwa jodari unacheza na mtu.

Haya. Turudi kwenye mada, samaki wa bara na uhaba wa stima. Wengi wakisikia hivyo wanafikiria friza, jenereta, lori lenye mashine ya baridi mgongoni linalokula dizeli likiwa linakwenda na likiwa limesimama. Mimi nafikiria barafu, na nitasema kwa nini. Mtambo mzuri wa barafu ya mabonge, katika joto kama letu, unakula yuniti 55 hadi 70 kwa tani nzima. Yaani kilo 100 za barafu ni yuniti 6 au 7. Pasi ya nguo ya wati 1,000, ukiiwasha mfululizo kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, imemaliza stima hiyo hiyo. Na barafu ina adabu moja ambayo stima haina: inangoja. Stima ikija saa nane usiku, mtambo unafanya kazi saa nane usiku, na barafu inakungoja mpaka mashua zirudi. Ikikatika, barafu haijui kama imekatika.

Usiku ule wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipozama gizani, niliitwa na watu wawili asubuhi yake. Mmoja alikuwa na friza kubwa, nusu tupu, samaki wachache juu, na kila robo saa alikuwa akifungua kuangalia kama wanaharibika. Kwa kufungua huko ndiko alikowaharibu. Mwingine alikuwa amejaza nafasi zote tupu kwa chupa za maji yaliyoganda, akafunga, akalala. Huyo aliniita kuniuliza tu kama atupe chupa.

Nasikia kijana pale ananong'ona "sola". Sikia, mwanangu, sola naipenda, lakini usinunue betri kwanza. Paneli za kilowati 1 hapa pwani, siku ya jua, zitakupa yuniti 4 hivi, pengine 5. Ukizitia kwenye betri utanunua betri mpya kila baada ya miaka michache. Ukizitia moja kwa moja kwenye mashine ya barafu, barafu ndiyo betri. Mashine ndogo ina njaa kuliko mtambo mkubwa, kwa hiyo usitarajie maajabu. Ukipata kilo 40 kwa siku shukuru. Kilo 40 ni ngalawa mbili tatu za wavuvi wadogo. Weka mashine hiyo pale samaki anaposhuka, usiiweke dukani kwako mjini. Kwenye hilo nitagombana na yeyote.

Kuna kiwanda nataka mkikumbuke. Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Norway, watu wanaojua samaki kuliko sisi sote humu, walijenga huko kiwanda cha kugandisha samaki, kikamalizika mwaka 1981, kwa mamilioni ya dola. Kilifanya kazi siku chache. Gharama ya kuendesha mafriza katikati ya jangwa na mahitaji ya maji safi vilishinda biashara yote. Kisha ziwa lenyewe likapungua, Ghuba ya Ferguson ikakauka. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki mkavu. Yaani jua lile lile lililokuwa likiwakausha samaki wa Waturkana tangu zamani likakaribishwa kupanga vyumba. Siwacheki Wanorway. Kwao baridi iko bure nje ya mlango. Walibeba jibu la kwao bila swali la huku.

Lakini baridi inaweza kusafiri mbali ikiwa imefunikwa vizuri. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alipakia tani 180 za barafu iliyokatwa ziwani kwenye meli iitwayo Tuscany, ikaenda Calcutta. Miezi minne baharini, ikavuka ikweta mara mbili, ikafika na tani 100 hivi. Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na vifunikio vikavu tu, mfano wa ule unga wa msumeno ambao maseremala wetu wanauchoma jioni, na kulikuwa na akili ya kuibana barafu ikae bonge moja. Bonge huyeyukia nje, na kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo nje yake inavyokuwa ndogo kwa uzito wake. Kwa hiyo beba bonge, livunje pale unapomkuta samaki. Anayevunja mjini amenunua maji.

Sanduku nalo si lazima liwe la bei. Friji lililokufa, ng'oa mashine ya nyuma uwauzie wa vyuma chakavu, lilaze chali mlango ukatazama juu. Kuta zake zina godoro zuri kuliko utakalolitengeneza wewe. La lita 200 hivi, mlango ukibana, kwa hesabu yangu litayeyusha kilo 10 hadi 15 za barafu kwa siku. Kama mpira wa mlango umechoka, hesabu hiyo isahau. Toboa tundu chini, litie kizibo. Tandaza barafu chini, samaki tumbo tupu, barafu, samaki, barafu, na ya juu kabisa iwe nyingi, kwa sababu maji ya barafu yanashuka yakiosha na kupoza. Tumbo litiwe barafu pia. Maji ya damu yatoke kwa tundu. Samaki wa chini asiogeshwe na uchafu wa wenzake, maana methali ya samaki mmoja akioza aliyeitunga nadhani alikuwa amefungua boksi kama hilo. Kwa dagaa wale waitwao simu na vibua wadogo, mabonge yatawaponda. Wao watie kwenye ndoo ya maji ya bahari na barafu nyingi, wanapoa dakika chache kwa sababu maji yanawagusa kila upande.

Na safirini usiku. Hilo halihitaji mhadhara.

Mtu aliniuliza juma lililopita juu ya ule mtungi wa kupoza chakula bila stima, mtungi ndani ya mtungi, mchanga mbichi katikati, aliousambaza mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba. Ni kweli, maji yakiwa mvuke yanachukua joto jingi ajabu, mara saba ya barafu inayoyeyuka kwa kila kilo. Lakini yule alikuwa kaskazini ya Nigeria, hewa kavu. Sisi hapa nguo ukiianika Mei inakaa siku mbili na bado ina ubaridi kwenye mshono. Hewa isiyokausha nguo haitapoza mtungi. Mtungi wa bibi ulipoza maji ya kunywa, naam, lakini samaki hataki ubaridi wa maji ya kunywa. Kazi yake naiona kwingine: ukipanda ukapita Voi hewa inakuwa kavu, hapo tupia gunia la katani juu ya sanduku, limwagie maji, upepo wa gari ufanye kazi. Hutampoza samaki kwa hilo, utaokoa barafu.

Na kama barafu haipo kabisa? Wazee wetu hawakuwa nayo. Majahazi kutoka Hadhramaut, Oman na pwani ya Somalia yalishuka na kaskazi yakaingia hapo Bandari ya Kale yamebeba tende na papa mkavu, yakangoja kusi yarudi na boriti. Wiki kadhaa baharini, na papa anafika mzima, labda na harufu, lakini papa ng'onda bila harufu huyo ni mbao. Omena anatoka Kisumu mpaka Kongowea bila chembe ya barafu. Kavu ni kavu.

Chumvi tunayo, Gongoni na Ngomeni kuna mashamba yake. Mpasue samaki mgongoni, mfungue kama kitabu, mkwangue damu iliyoshika uti, mtie chumvi kiasi cha kilo moja kwa kilo tatu mpaka nne za samaki, mpange mwachie maji yatoke usiku mzima au zaidi kwa mnene. Halafu kichanjani, si mchangani, upepo upite chini na juu. Kosa ninaloliona sana ni haraka. Mtu anamwanika kwenye jua kali la adhuhuri siku ya kwanza, ngozi inafunga ngumu, ndani maji yamefungiwa. Ukimbonyeza anaonekana tayari, na wiki ya pili ghalani anavunda kutoka mfupani. Asubuhi na alasiri, mchana kivuli chenye upepo, siku mbili za kwanza. Masika usijaribu, ila uwe na kikaushio cha kufunikwa. Na yule anayepulizia dawa ya wadudu juu ya ng'onda ili nzi wasitue, huyo sina maneno naye, Mungu ndiye anayemjua.

Moshi nitaupita haraka. Tanuri la Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi karibu na Accra, hupanga trei juu ya trei ili moto mmoja ufanye kazi ya mioto mingi. Kuni zake zisiwe mikoko. Pale Gazi, kwa mradi wa Mikoko Pamoja unaouza hewa ukaa, wanakijiji wanapata pesa kwa mikoko iliyosimama. Wewe uikate uchome vibua?

Mama karanga, sikuwasahau. Watu wanawahesabu kuwa wapishi. Mimi nawahesabu kuwa kiwanda kikubwa kabisa cha kuhifadhi samaki katika pwani hii, na hakina mita ya stima. Samaki aliyekaangwa akakauka vizuri, akapoa wazi kabla ya kufungwa, anafika Mariakani, anafika Voi kwa matatu, analala na kuamka bado ni chakula. Lakini hapo kwenye kupoa ndipo mnapojiharibia. Mnamfunga moto kwa gazeti, mvuke unarudi juu yake, analowa, na yale mafuta na jasho vinakuwa uji. Mwacheni kwenye ungo, mmoja mmoja, mpaka umguse kwa mgongo wa mkono usihisi joto.

Na wa mwisho, kaa wa mikoko. Anafungwa magando, anapangwa kwenye tenga, anafunikwa gunia lililoloweshwa, anawekwa kivulini, na anafika Nairobi siku ya pili akikutazama kwa ubaya. Barafu wala usimpe, utamuua. Kama kuna kijana hapa anatafuta biashara ya bara na hana mtaji wa stima, huyo ndiye mzigo wake.

Sasa tupime. Mizani, tafadhali. Hiki cha beseni kilikuwa kilo 2... kimebaki kilo moja na nusu. Kinapungua kidogo hapo. Na hiki, ngojeni nikifukue, makumbi yamenata. Kilo moja na gramu 900.

Bibi, lete kikapu. Changu wako hawajapewa hata punje tangu asubuhi, na mimi nimewaweka hapa saa nzima nikisema maneno. Kijana, kivunje hiki, vipande vya ukubwa wa ndimu. Tumboni pia.